Mkaguzi na Kigari Chekundu

Kila asubuhi siku za likizo, Mkaguzi alifagia chumba cha mbele, akatandika mkeka na kupanga vikombe vya plastiki dirishani. Mama yake aliwalea watoto wadogo wa majirani, wale ambao mama zao hutoka mapema kwenda kazini. Shuleni binti huyo alikuwa na jina lake, lakini la Mkaguzi alipewa na mwenye duka la vitu vya kuchezea, nalo likamganda.

Mwenye duka huyo hakuweka kitu kipya kwenye rafu ya watoto wadogo kabla hajakileta kwao kijaribiwe. Mkaguzi alikivuta, akakipinda, akakiangusha sakafuni kutoka juu ya meza. Mwisho alichukua bomba la karatasi, lile linalobaki karatasi ya chooni inapokwisha. Kipande kiking'oka na kupita ndani ya bomba hilo, basi kitu kizima kilirudishwa dukani.

"Kinachopita hapa, mwanangu, kinapita kooni mwa mtoto," mama alimfundisha. "Hapo hatuna mjadala."

Siku moja mwenye duka alileta kigari chekundu. Ukikisukuma, kinakwenda. Ukibonyeza paa, kinainuka chenyewe, milango inakuwa mikono, taa zinakuwa macho, na mbele yako anasimama roboti.

"Hakina betri wala kelele," alisema mwenye duka. "Kikifaulu, hicho ni chenu. Nimeagiza maboksi mazima, Mkaguzi, usiniangushe!"

"Mjomba, mimi siangushi watu, naangusha vigari tu."

Mwenye duka alicheka, akaenda zake.

Mkaguzi alikaa mkekani na kuanza kazi. Paa lilikuwa imara. Mikono ilikunjika bila kubana vidole. Alikiangusha, kikadunda, kikabaki kizima. Kisha akapitisha ukucha kwenye gurudumu la nyuma. Katikati yake palikuwa na kifuniko kidogo cha rangi ya fedha, nacho kikachomoka na kudondokea kiganjani mwake.

Hakuhitaji hata bomba. Alikitazama kifuniko, akamtazama roboti aliyenyoosha mikono kama mtoto anayetaka kubebwa. Hawakuwahi kuwa na kitu kizuri hivyo nyumbani. Akatafuta gundi, akaweka tone moja, akakirudisha kifuniko mahali pake.

"Vipi, Mkaguzi?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Kiko salama."

"Na bomba je?"

"Hakuna kilichong'oka, mama."

Maneno yalitoka kirahisi, lakini tangu hapo hakukaa kwa raha.

Watoto walikipenda kigari kile. Aliyekipenda kupita wote ni Kibogoyo, mtoto wa msusi, ambaye meno yake ungeweza kuyahesabu bila kumaliza vidole vya mkono mmoja. Hakuwa na nguvu za kubonyeza paa, kwa hiyo alimletea Mkaguzi, akimwambia, "Tena!" Roboti akisimama, Kibogoyo alipiga makofi hadi akaanguka chali.

Alasiri, watoto walipoamka, Kibogoyo alianza kukohoa. Alikohoa mpaka macho yakamtoka machozi. Mama alimwinamisha, akampigapiga mgongoni, na kikohozi kikatulia. Lakini kila alipovuta pumzi, kifua kilitoa mluzi mwembamba.

"Mafua hayo," alisema mama. "Jana mama yake alisema makamasi yanamtoka. Hebu mpashie maji."

Mkaguzi hakwenda kupasha maji. Alikuwa anakitazama kigari, kilicholala kichwa chini. Katikati ya gurudumu la nyuma palikuwa na tundu jeusi.

Aliinua mkeka, akapapasa chini ya benchi, akamwaga kikapu cha vitu vya kuchezea. Hakuna kitu. Labda kimeviringika nje, alijiambia. Labda kweli ni mafua. Akisema, mama hatamwamini tena. Msusi atamwondoa mtoto wake, na mama wengine watafuata.

Kibogoyo alimnyooshea mikono abebwe. Kifua kikapiga mluzi.

"Mama, si mafua!" Mkaguzi alipaza sauti. "Nadhani amemeza kifuniko cha gurudumu. Kilichomoka asubuhi, nikakibandika kwa gundi. Nilijua, mama. Nilikudanganya."

Mama hakumgombeza. Alimbeba mtoto, akamwita jirani aje kukaa na wengine. "Chukua hicho kigari. Kimbia kwa mwenye duka, mwambie atoe gari lake sasa hivi."

Mwenye duka aliwaacha wateja wamesimama, akawapeleka hospitali.

"Amemeza nini?" daktari aliuliza, akisikiliza kifua cha mtoto.

Mkaguzi alipitisha ukucha kwenye gurudumu jingine. Nalo kifuniko chake kikachomoka. Akakiweka mkononi mwa daktari. "Kama hiki."

"Plastiki. Umefanya vizuri kusema. Plastiki haionekani kwenye picha ya eksirei. Tungemrudisha nyumbani tukidhani ni kifua cha kawaida."

Akamwingiza mtoto ndani ili akitoe kifuniko, na mlango ukafungwa.

Msusi alifika akihema, chanuo bado limechomekwa kwenye nywele zake. Mama alimweleza yote bila kuficha. Msusi alimtazama Mkaguzi, akaenda kukaa mwisho kabisa wa benchi. Muuguzi mmoja alipita, akamwona binti amejikunyata, akamwekea kikombe cha maji mikononi bila kumuuliza lolote.

Walingoja sana. Hatimaye kilio kilisikika kutoka ndani, cha sauti iliyokwaruza, na hakuna aliyewahi kufurahia kilio cha mtoto kama wao. Daktari alitoka na kifuniko ndani ya kisahani.

Msusi alipotoka kumwona mwanawe, alisimama mbele ya Mkaguzi.

"Umenikosea sana."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Lakini daktari ameniambia ni wewe uliyesema." Alishika pembe ya aproni yake, akamfuta Mkaguzi machozi na makamasi, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto wa kuzaa mwenyewe.

"Na mimi nina kosa," alisema mwenye duka. "Mtu unayetaka akuambie ukweli, hupaswi kumwahidi zawadi. Yale maboksi hayatauzwa hata moja."

"Naomba usiniite Mkaguzi tena, mjomba," binti alinong'ona.

Mama alimvuta karibu. "Kukipenda kigari si kosa, mwanangu. Lakini ukisema kitu ni salama, kuna mama anageuza mgongo kwa kuliamini neno lako. Neno lako la uongo lilimtia mtoto hatarini. La kweli limemtoa. La pili halifuti la kwanza, ila namshukuru Mungu kwamba hukuchelewa kulisema."

Wiki iliyofuata, mwenye duka alileta bata wa mbao mwenye magurudumu. Alikuwa mzuri, rangi zinang'aa. Mkaguzi alimvuta jicho, likang'oka, akalitumbukiza kwenye bomba. Likapita.

"Vipi?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Hafai, mama. Arudishwe."

Zamani mama angeishia hapo. Safari hii alitoka, akifuta mikono, akamvuta bata jicho la pili, akalipitisha kwenye bomba yeye mwenyewe.

"Kweli, hafai," alisema. Kisha akamrudishia binti yake bomba lile, akamfunga vidole juu yake.