Barafu Yenye Habari za Jua

Fundi Baridi alikuwa na dawa moja ya kila friji: zima, yeyusha barafu, pangusa, washa. Dawa hiyo ilimpa jina na kulisha watoto wake. Mkewe ndiye aliyekuwa msaidizi wake.

Asubuhi moja waliitwa kwenye maabara. Friza kubwa ilikuwa inanguruma na baridi yake inapungua. Mtafiti aliyewaita alikuwa chumba cha pili, anaongea kwenye simu. Fundi hakumsubiri. Alifungua mlango, akakuta vipande virefu vya barafu, vya mviringo, vimepangwa kama kuni.

"Ona uchafu huu," akasema, akazima friza.

Mkewe akasoma karatasi mlangoni, neno kwa neno. "Baba watoto, imeandikwa: usiyeyushe."

"Karatasi ni za wasiojua kazi. Lete ndoo."

Mazoea yana taabu. Mkewe hakuleta ndoo, alimleta mtafiti, naye alifika mbio akiwa na kiatu kimoja. Akawasha friza.

"Fundi, barafu hii imechimbwa kwenye ncha ya dunia. Iliyotoka chini kabisa ina miaka elfu kumi. Ikigeuka maji, hatuna nyingine."

"Miaka elfu kumi, na bado hamjaitumia?"

"Tunaisoma. Inatupa habari za jua la zamani. Kuna miale inatoka mbali sana angani. Ikigonga hewa ya juu, inatengeneza chembe ndogo mno, na theluji inazishusha. Kila mwaka theluji mpya inafunika ya zamani. Jua likichangamka, linazuia miale hiyo, chembe zinakuwa chache. Likitulia, zinakuwa nyingi. Sisi tunazipima, tabaka kwa tabaka."

"Kumbe ni daftari la jua," mkewe akasema.

"Ndiyo, na mumeo alitaka kulipangusa."

Fundi aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Walihamishia barafu kwenye friza ya akiba. Hakuna kipande kilichoyeyuka. Ndipo akatengeneza feni iliyokwama.

Siku hizi hazimi friji kabla ya kusoma karatasi na kumuuliza mwenye friji. Haharibu mzigo wa mtu, na wateja wameongezeka.

Juzi alifungua friji ya nyumbani kwake. Barafu ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Akasita.

"Mama watoto, barafu hii ina miaka mingapi?"

"Miwili," mkewe akajibu. "Ilianza siku uliposema utaisafisha kesho."