Mfuniko Ulioachwa

Saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, Kahambu, msichana wa kuongoza wageni, aliingiza watu kumi na wawili katika chumba cha pili cha makumbusho ya Goma, akanyoosha mkono kuelekea kabati la kioo, akaanza: "Na hiki ni icyansi, chombo cha maziwa cha mti, kutoka..."

Rafuni ulibaki mfuniko peke yake. Chombo hakikuwapo.

Siku hiyo makumbusho yalikuwa wazi bure kwa mji mzima. Uani kulikuwa na ngoma, barazani wasusi na wachoraji, na humu ndani maonyesho ya vitu watu walivyokimbia navyo vita: sufuria, Biblia iliyolowa, funguo za nyumba za Rutshuru na Bunagana. Kila kitu kilikuwa na kadi yenye jina la mwenyewe. Kadi ya chombo hicho tu ilisema: *Kiliokotwa Munigi. Mwenyewe hajulikani.* Kiliokotwa bila mfuniko, na Directeur Paulin, mkuu wa makumbusho, alichagua mmoja stoo akakifunika ili kisionekane uchi.

Sasa directeur alisimama mbele ya mlinzi, muzee Buhendwa, uso umemwiva.

"Funguo ilikuwa wapi?"

"Kwenye kufuli, directeur. Nilikuwa napangusa kioo, wakaniita kubeba viti. Ngoma zilianza saa nne na nusu. Nilitazama mbili tu."

"Mbili tu! Saa kumi na moja tunafunga. Kisipoonekana naita polisi, na wewe unaenda nao."

Barabara ya Butembo, kwa mama yake Kahambu, ilikuwa haipitiki tangu mwaka jana, na katika Goma nzima ni Buhendwa peke yake aliyemuuliza kila asubuhi, "Umekula?" Kahambu hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Alichukua tu daftari lake la kazi, ambamo alikuwa akiandika saa na kazi ya kila mshiriki kwa ajili ya ripoti, akarudi kwenye kabati.

Vumbi jeusi la mawe ya volkano lilikuwa limetanda rafu nzima. Mfuniko haukutupwa. Ulikuwa umesimamishwa pembeni taratibu, kama mtu anavyoweka kando kofia ya mwenzake.

Barazani alimkuta Julien, mnunuzi wa vitu vya kale, ambaye wiki hiyo alikuwa ameulizia chombo hicho mara tatu.

"Fungua begi langu, mademoiselle! Fungua, usione haya."

Mlikuwa na mkate, gazeti na soksi moja.

"Ya pili iko wapi?" Kahambu aliuliza kabla hajajizuia.

"Hiyo ndiyo upeleleze," Julien akacheka. "Sikia. Mnunuzi wa nje hataki chombo bila mfuniko. Ningeiba, ningebeba vyote."

Maneno hayo hayakumtoka Kahambu kichwani. Mwizi wa kuuza angebeba vyote. Nani basi angeuacha mfuniko?

Saa nane alikaa karibu na Mama Nyirarukundo, msusi aliyekuja na wenzake kutoka kambi ya wakimbizi ya Mugunga, na ambaye tangu jana alikuwa akisuka pale barazani. Kitenge chake kilinuka moshi wa majani, ingawa jikoni mwa makumbusho walipikia makaa tu.

"Mama, asubuhi ulisuka kikapu kidogo chenye ncha. Kiko wapi?"

Mikono ya mama ilisimama, kisha ikaendelea na mkeka.

"Hakiuzwi, mutoto yangu."

Kahambu alifungua daftari, akasoma alichoandika mwenyewe, akalifunga polepole.

Saa kumi na nusu alimleta directeur na Buhendwa barazani. Akachuchumaa mbele ya msusi.

"Aliyechukua aliacha mfuniko kwa sababu alijua si wake. Sisi ndio tuliouchagua stoo. Nani mwingine angejua hilo, ila mwenye chombo? Mama, samahani. Tuonyeshe."

Nyirarukundo hakubisha. Alifunua fungu la ukindu, akatoa chombo. Kilikuwa kimeng'aa, na juu yake kimekaa, kama mfuniko, kile kikapu kidogo chenye ncha.

"Mama yangu alinipa siku naolewa," alisema. "Kilinianguka Munigi tukikimbia, mgongoni nina mujukuu. Jana nakiona kwenye kioo, kikavu, kimefunikwa na kitu ya watu wengine. Icyansi haikae hivyo, inaoshwa, inafukizwa moshi wa majani. Nilikifukiza nyuma ya jiko. Ningekirudisha mbele ya saa sita, lakini nikasikia habari ya polisi. Nikaogopa."

"Ungesema!"

"Mutu wa hema, bila karatasi? Ungeniamini?"

Directeur akakohoa. "Hata sasa. Kila mutu anaweza kusema ni chake. Mfuniko umeupimia hapo hapo."

"Hapana, directeur." Kahambu alifungua daftari. "Saa nne kamili: Mama Nyirarukundo, kikapu kidogo, kimekwisha. Nusu saa nzima kabla ya ngoma. Wakati huo chombo kilikuwa bado nyuma ya kioo, na Papa Buhendwa amesimama mbele yake."

Directeur aliinua mfuniko, akautazama wenyewe tu, akaurudisha. Ulikaa bila kusukumwa. Akajaribu ule wa stoo, ukayumba, ukaanguka.

"Kichukue, mama," alisema chini chini.

"Nikipeleke wapi? Hema linavuja, ng'ombe zilibaki kule. Kikae hapa na mfuniko yake. Mimi nitakuja kukifukiza." Akamgeukia mlinzi. "Baba, unisamehe. Nilikuacha utukanwe."

"Ngoma mbili tu, mama," Buhendwa alisema, "umenizeesha miaka kumi."

Kwenye kadi Kahambu alikata *Mwenyewe hajulikani*, akaandika jina la Nyirarukundo. Aliponyoosha mkono kukirudisha chombo kabatini, alikuta ni kizito. Ndani mlikuwa na maziwa.

"Niliomba kidogo kwa wapishi wa chai," mama alisema. "Haikae tupu siku imerudi. Nyumbani nani anakungojea?"

"Hakuna mutu, mama."

"Basi usikimbie. Kaa, unywe."

Geti lilikwisha fungwa. Kahambu alikaa chini kando yake, akapokea chombo kwa mikono miwili, akanywa maziwa yenye harufu ya moshi.