Siku Mbili Bila Kunyonya

Asubuhi ile, kule Masakta, Gidamis alikuwa zizini akikamua ng'ombe. Nyuma ya nyumba mkewe Hilda alikamua pia, ila maziwa yake mwenyewe, akayamwaga chini. Ndani, Clement, mtoto wao wa miezi miwili, alilia kwa sauti nyembamba. Maziwa ya ng'ombe aliyatapika yote.

Juzi Hilda alipigwa picha ya eksirei ya kifua hospitalini Katesh, kwa sababu ya kikohozi. Mapafu yalionekana safi. Wakafurahi. Lakini jioni ujumbe wa sauti uliosambazwa ukaingia kwenye kikundi chao cha simu: "Mionzi hukaa kwenye maziwa siku saba. Mtoto akinyonya, anaungua ndani."

Gidamis aliamini upesi. Ng'ombe wake akichomwa sindano, si maziwa humwagwa siku kadhaa?

"Kwa hiyo mimi ni ng'ombe wako," alisema Hilda.

"Ng'ombe hanijibu hivyo."

Siku nyingine wangecheka. Leo mtoto alinyamaza ghafla, na ukimya ule ukamtisha Hilda kuliko kilio. Alimbeba, wakakimbilia zahanati.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Mlete." Muuguzi Zita alimpima mtoto. "Amepungukiwa maji. Nani kawaambia msimnyonyeshe?"

"Simu," alisema Gidamis.

"Simu ilisomea wapi?"

Gidamis akamsikilizisha ujumbe ule, naye Hilda akaeleza habari ya eksirei.

"Aliyesema hana jina, wala hasemi anafanya kazi wapi," alisema Zita. "Hata mimi msiniamini bure. Tumuulize aliyepiga picha."

Alipiga simu hospitali, akaeleza yaliyotokea, akaweka sauti kubwa. Hilda akasogea karibu na simu.

"Mama Clement, mionzi ya picha ile haibaki mwilini," alisema Hermani, mtaalamu wa eksirei. "Ni kama tochi. Ukiizima, mwanga haubaki chumbani. Haiingii kwenye maziwa. Sindano ya ng'ombe ni dawa, na dawa ndiyo huingia. Mionzi ikizidi ina madhara, ndiyo maana tunatumia kidogo, tena pale inapohitajika tu. Mwenye mimba atuambie kabla. Wewe mnyonyeshe sasa hivi."

Clement alivuta mara moja, akaacha. Hilda akamwekea ziwa mdomoni tena. Kisha mtoto akavuta tena, na tena, hakuachia.

"Akikojoa vizuri, jueni anashiba," alisema Zita. "Na mpaka miezi sita, ni ziwa la mama tu."

Jioni Gidamis alimpakata mwanawe huku akiandika kwenye kikundi: "Nimeuliza hospitali. Si kweli. Mwenye hofu awaulize wenyewe, namba yao ni hii." Kabla hajamaliza, shati lake likalowa mpaka kiunoni.

Hilda akamnyooshea kanga.

"Mwache," alisema Gidamis. "Mwache amalize."