Sultani Kutu Mara ya Nane

Jumamosi ile duka la michezo ya kompyuta lilifurika mpaka mlango ukawa haufungiki. Mchezo wa saba ulikuwa umetoka, na adui mkuu alikuwa yule yule wa kwanza hadi wa sita: Sultani Kutu, mwenye pembe, joho na kicheko cha kukohoa. Alikwishachomwa moto, akazamishwa, akaangukiwa na mlima. Kila mara alirudi, hana haya wala soni. Sanamu yake ya kadibodi ilisimama kando ya kaunta, na muuzaji alikuwa ametundika tambara la kudekia kwenye pembe yake ya kushoto.

Muuzaji mwenyewe alivaa fulana nyeusi ya duka na hereni kubwa za shaba, na alikuwa na msonyo ambao wateja waliuogopa kuliko bei.

"Na wewe umekuja kumzika?" alimuuliza mwanaume mrefu aliyevaa shati la njano, limepigwa pasi likanyooka.

"Nimekuja kumwona tu."

"Utamchoka, kaka. Zamani alitisha kweli. Siku hizi ni kama shemeji asiye na kazi. Anakuja, anakula, anatukana watu, anaondoka, kesho yuko mlangoni."

Mwanaume alicheka kwa kuficha meno. Jumanne alirudi kuuliza swali la kijinga kuhusu waya, na Alhamisi akauliza lile lile. Muuzaji akambandika jina la Mpole, akampa namba ya simu ili, alivyosema, waya zipumzike.

Wakapendana. Miezi mitatu simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Leo wateja kumi na mmoja wamemrudisha Sultani wako."

"Sultani wangu?"

"Si ulikuja kumwona? Aibu yako hiyo."

Mpole akageuza mazungumzo. Alikuwa amemwambia kwamba anachora matangazo. Muuzaji hakudadisi, alikuwa amependa, na aliyependa hahoji sana.

Ndipo kampuni iliyotengeneza mchezo ikawaita wauzaji kuwauliza: Sultani arudi mara ya nane? Chumba kilikuwa cha vioo, baridi, na biskuti mezani. Wauzaji wengine wote walisema bado anapendwa, maana biskuti zilikuwa za bure. Muuzaji alisimama na gauni lake la kijani.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu yuko siku ya saba na bado kakalia kochi. Na anayemchora naye hana jipya, anambadilishia joho tu. Huo si ufundi, ni uvivu."

Watu walicheka. Bosi, mtu wa kucheka panapochekwa, alicheka zaidi ya wote, akageukia mwisho wa meza. "Mchoraji wetu, umesikia?"

Aliyekuwa ameinamisha kichwa pale alikuwa Mpole.

Muuzaji alipotoka, Mpole alimfuata mpaka kwenye korido.

"Miezi mitatu umeniacha niropoke," muuzaji alisema. "Ulikuwa unanichunguza ukapeleke ripoti?"

"Nilitaka kukuambia. Kila nikifungua mdomo, umeshamtukana. Leo umenivua nguo mbele ya bosi wangu."

"Nimemvua Sultani."

"Sultani ni mimi. Miaka kumi na mmoja sijachora kitu kingine. Sijui hata kama naweza."

Muuzaji angeweza kumshika mkono. Badala yake alisonya, akashuka ngazi.

Wiki mbili simu ilikaa kimya, na alimkumbuka mpaka chakula kikamshinda. Kuhusu Sultani hakujuta hata kidogo. Ila alijua kwamba amemkosea Mpole. Akapiga.

"Mpole, sifuti neno hata moja kuhusu Sultani. La uvivu nalifuta. Wewe ulikuwa mwoga."

"Hiyo ndiyo afadhali?"

"Afadhali sana. Nisamehe."

Kesho yake mchana Mpole aliingia dukani, akapita foleni yote, wateja wakaguna.

"Wa nane anatoka," alisema. "Nilimwomba bosi amwache apumzike, akakataa. Amempa mchoraji mwingine. Sultani amebaki. Mimi nimeondoka."

"Umeacha kazi?"

"Jana. Nilikuwa nikikaa kumchora, naona nakupoteza kwa ajili ya pembe." Akaweka karatasi juu ya kaunta. "Nimechora hiki asubuhi. Kiangalie, halafu uniambie kama utaolewa na mtu wa hivi."

Kilikuwa kibibi kifupi chenye funguo kiunoni na macho ya mtu anayejua ulikoficha vitu. Muuzaji alikikagua kama anavyokagua mali iliyorudishwa.

"Mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake."

"Najua."

"Ni kibaya, mpenzi. Kibaya kweli."

"Najua."

Aliendelea kukitazama. Foleni ilianza kulalamika, naye hakusonya.

"Lakini huyu sijawahi kumwona," alisema, akainua ubao wa kaunta ili mchumba wake apite ndani.