Bumerangi ya Seremala

Kinyozi alikuwa na ugonjwa mmoja tu: bumerangi. Si zile za plastiki za watoto kuchezea. Alitaka za mashindano, zilizochongwa kwa mkono, mbao zilizopinda kama kiwiko, ukizirusha zinazunguka hewani na kukurudia kiganjani. Alizitundika juu ya vioo vya duka lake, na wateja walimtania, "Fundi, siku moja zitakunyoa wewe."

Basi seremala aliyezichonga vizuri kuliko wote alipofariki, Kinyozi alifunga duka mapema, jua likizama, akaenda kwa mjane wake.

Mjane alimtolea moja, nyeusi, imeviringishwa kitambaani. Nyepesi kama mfupa wa ndege.

"Ichukue, mwanangu. Itundike. Ila usiirushe."

"Kwa nini, Mama?"

Mjane alinong'ona, "Mume wangu alikuwa akirusha peke yake. Mwishoni... hakuwa peke yake."

Akafunga mlango.

Sikio la kufa halisikii dawa. Njiani palikuwa na uwanja wa mpira, mtupu, ukungu umetanda. Kinyozi akairusha.

Vuu... vuu... vuu...

Ukungu ukaimeza. Alisubiri, kiganja wazi. Kimya. Kisha, ng'ambo ya uwanja...

Pa!

Sauti ya kiganja kikidaka.

"Nani huyo?"

Bumerangi ilirudi, ikatua mkononi mwake. Ilikuwa na joto la mkono wa mtu. Ilinuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Alitimua mbio hadi nyumbani, akaitupa chooni. Jioni iliyofuata aliikuta mlangoni, kavu. Akaenda kuirudisha kwa mjane; nyumba ilikuwa tupu, na majirani hawakujua alikohamia. Usiku huo, kwa kuwa hakwenda uwanjani kurusha, alisikia kiganja kikipiga ukuta wa chumba walimolala watoto wake.

Pa... Pa... Pa...

Tangu hapo akawa anakwenda kila magharibi. Anarusha, inadakwa, inarudi. Akakonda hadi wembe ukamtetemeka mkononi, na wateja wakahama mmoja mmoja.

Kisha homa ikamwangusha kitandani. Jioni ikaingia. Mkewe, aliyekwisha kuambiwa yote, akaichukua bumerangi.

"Usiende, mama watoto."

"Ukutani kwa wanangu hapigi tena mtu. Wewe lala, baba watoto. Nitamwomba atuache."

Kinyozi alijaribu kuinuka, miguu ikakataa. Giza lilipoanza kushika, akajikokota hivyo hivyo, akishika kuta, hadi uwanjani.

Viatu vya mkewe vilikuwa nyasini, vimepangwa vizuri, kama vya mtu aliyeingia ndani kwake.

Ndani ya ukungu, bumerangi ilikuwa ikienda na kurudi. Pa! Huku. Pa! Kule.

"Mama watoto!"

Sauti zikakoma.

Vuu... vuu... Ikamjia, ikatua kiganjani taratibu. Ilinuka mafuta ya nywele za mkewe.

Walimtafuta majirani, walimtafuta polisi. Hakuonekana. Watoto wakachukuliwa na shangazi yao, na duka likafungwa.

Kinyozi huenda bado. Huiweka puani kabla ya kuirusha. Harufu ile inafifia, na mdakaji anasogea. Jana alisogea hadi Kinyozi akamsikia akihema.

"Ni wewe, mke wangu?"

Pumzi ilikuwa nzito, ya mwanamume.

Kinyozi akalia. Kisha akarusha tena. Angefanyaje?