Rangi ya Hina ya Shangazi Wahiba

Kila alipotoka shule, Khulud alifungua geti mwenyewe, akavua viatu na kutoa salamu ambayo mara nyingi haikupata jibu. Mama yake alikuwa akifanya kazi Muscat. Khulud aliishi Mbweni na shangazi yake, Wahiba, ambaye muda wote alikuwa chumbani akiwapaka hina mabibi harusi. Mtaani kulikuwa na kuta ndefu na nyumba ambazo hazijaezekwa. Mtoto wa kucheza naye hakuwepo hata mmoja.

Kazi ya Khulud ilikuwa kupiga picha za mikono ya wateja kwa simu na kuziweka mtandaoni. Aliiweza hasa. Alifuta kioo cha kamera, akatandika shuka jeupe karibu na dirisha, akazima taa ili mwanga wa nje ufanye kazi. Kisha alikaa sebuleni kusubiri watu asiowajua waipende picha. Hao ndio waliokuwa wenzake.

Hina ikishabanduliwa tu huwa ya rangi ya machungwa, hukolea kesho yake, mteja akiwa keshaondoka. Siku moja Khulud aliikolesha rangi pichani kwa simu hadi ikawa nyeusi tii. Waliopenda wakamiminika. Tangu hapo hakuacha.

Ijumaa moja alasiri akaja Zuena kutoka Kawe. Harusi yake ilikuwa kesho yake.

"Shikamoo, da Wahiba. Mie nataka nyeusi kama hii," alisema, akionyesha picha.

Wahiba akashangaa. "Hiyo itakuwa piko, ile dawa nyeusi ya nywele, mdogo wangu. Mie piko sipaki, linababua ngozi."

"Lakini ukurasa si wako? Nimemkatalia mpakaji mwingine kwa ajili ya picha hizi!" Zuena akaanza kulia. "Kumbe mnatudanganya!"

Mteja aliyekuwa akisubiri akachukua mkoba wake. Khulud, aliyesimama mlangoni, aliona aibu. Shangazi alikuwa akiitwa mwongo kwa kosa lisilo lake.

"Ni mimi," akasema. "Nilizikolesha kwa simu. Shangazi hajui."

Wahiba alimtazama, kisha akamgeukia Zuena. "Nisamehe. Kaa nikupake sasa hivi. Ukishaibandua, jipake mafuta ya karafuu, na maji usiguse mpaka asubuhi. Nyeusi haitakuwa, lakini itakolea."

Zuena alisita, kisha akanyoosha mkono.

Asubuhi Khulud na shangazi yake wakaenda Kawe kwa Zuena. Hina ilikuwa imekolea rangi ya damu ya mzee, na Zuena alikuwa akiigeuzageuza mikono yake huku akitabasamu. Khulud akampiga picha dirishani, rangi hakuigusa. Zile za uongo akazifuta zote.

Picha mpya ilipendwa na watu wachache tu. Jioni Khulud aliitazama simu tena na tena. Shangazi akaja kukaa naye.

"Kwa nini ulifanya vile?"

"Watu wakiwa wengi, sijioni niko peke yangu."

Macho ya Wahiba yakalengwa na machozi. "Hapo nimekosa mie. Nimekuachia simu nikadhani nakulea. Lakini sikiliza. Hao wa mtandaoni wanapenda picha, wanapita zao. Zuena alitukabidhi mikono yake ya harusi. Mtu akikuamini hivyo, mwonyeshe kile utakachompa kweli, hata kama wengine hawatakisifia. Na upweke ukikuzidi, niite. Hata nikiwa na bibi harusi, niite."