Vijiti Arobaini na Tano

Ijumaa ya Kwaresima mwaka 1634, saa mbili asubuhi, Geertrui Roelants aliingia karakana ya Fundi Hubrecht Wils, Antwerp, na kisu chake na fungu la manyoya ya kunguru. Mkuu wa chama cha mafundi, aliyeandamana naye, alikuwa amemwagiza abadilishe manyoya ya kinanda ambacho kanisa lilitaka kukinunua. Alikuta madirisha wazi kwenye baridi ile, na vijiti vyote arobaini na tano, vinavyobeba manyoya ya kudonoa nyuzi, vimetoweka.

"Ni Pauwels!" Hubrecht alimfokea mkuu. "Nilimfukuza juzi, jana usiku akaja kuviiba. Mfute chamani!"

"Niviibe nikavile?" alijibu Pauwels, aliyekuwa mwanagenzi wake, kutoka mlangoni. "Haviingii kinanda kingine, bwana!"

Geertrui alinusa. "Fundi, unachoma nguruwe siku ya Ijumaa?"

"Majirani hao. Na msihangaike, ninayo seti ya akiba."

Geertrui alitumbukiza kimoja katika tundu la kinanda. Kikateleza bila kukwama. Cha pili, cha kumi, vivyo hivyo.

"Kila kijiti huchongwa kwa tundu lake, hakuna fundi anayeweka akiba," alisema. "Seti nzima ni kazi ya siku tano. Vya zamani, unasema, vimeibiwa usiku wa kuamkia leo. Hivi ulivichonga lini?"

Hubrecht alisogea kulikinga jiko.

Geertrui alichokoa jiko. Makaa bado mekundu. Harufu ikamjaa puani. "Kila kijiti kina unywele wa nguruwe wa kukirudisha. Huyu ndiye nguruwe wa majirani. Miaka kumi na moja iliyopita baba yangu alilia chamani kwamba umemwibia kinanda. Mkamwita mlevi, akafa mnamcheka. Ukakipaka rangi, ukakificha. Ulipojua nakuja mimi, ukachoma vijiti vyenye namba alizoandika kwa mkono wake."

"Majivu hayasomeki, binti."

"Kweli. Lakini ufunguo wa kwanza wa kubonyeza hung'olewa tu nondo wakila kitambaa kilicho chini yake. Wewe hukuwahi kuung'oa."

Akaung'oa, akampa mkuu. Mzee alisoma kwa sauti maandishi ya ubavuni pa ufunguo: "Adriaan Roelants, 1623. Geertrui wangu, miaka tisa, alishika gundi."

Mkuu akavua kofia.

"Geertrui, mwanangu," Hubrecht alinong'ona, "nina familia..."

"Hata baba alikuwa nayo. Familia hiyo ni mimi."

Alichukua patasi, akalibandua pambo la waridi la madini ya risasi lenye herufi za jina la Hubrecht kifuani pa kinanda, akalitupa juu ya makaa. Hakuondoka mpaka lilipoyeyuka lote.